Fimbo Mbili na Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia duka la vifaa vya uvuvi kutafuta fimbo moja ya kuvulia. Nimetoka na mbili. Sikuiba! Mwenye duka, mama mpole mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alinitazama nikizishika, nikiziweka, nikizishika tena, mpaka akachoka yeye. Akasema nizichukue zote nikakae nazo nyumbani, ila Ijumaa jioni nirudishe moja, vile vile ilivyotoka. Hilo "vile vile" alilirudia mara mbili. Sijui kwa nini. Mimi nimekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, vitu vya watu ndiyo maisha yangu. Ukiondoa lile koti la mwalimu mkuu. Na lile lilikuwa limeshachoka.

Jambo lenyewe ni zito. Baba mkwe, seremala mstaafu, ana boti ndogo ya mbao aliyoiunda kwa mikono yake. Ina viti viwili tu. Kila Jumamosi huingia bwawani na rafiki yake wa zamani. Sasa rafiki amehamia mbali kwa binti yake, na kiti cha pili kiko wazi. Mzee ametangaza kwamba Jumamosi hii atanijaribu mimi, na Jumapili atamjaribu mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Atakayefaa atakaa kile kiti mpaka mwisho.

Nimeoa nyumba ile miaka kumi na tisa. Mzee bado ananiita "fundi". Mwanyumba ameoa miaka sita tu, na anaitwa "mwanangu".

Nakitaka kile kiti.

Jumanne, 5 Machi

Sijashona kitu cha maana. Fimbo nimeziegemeza ukutani, kati ya cherehani na kioo cha wateja. Moja ni nyeusi, ngumu, imenyooka kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Ukiitikisa inasema fyu, inanyamaza. Ya pili ina rangi ya asali. Ukiitikisa inaendelea kutikisika, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo zuri.

Mwenye duka alinieleza kwamba samaki wa bwawa lile, wale wa mdomo mpana, wana akili. Wanakionja chambo kwanza. Nyeusi ina nguvu ya kumng'oa samaki kwenye majani ya maji. Ya asali ina ncha inayosikia hata samaki akipiga miayo. Nikauliza ipi bora. Akasema inategemea mimi ni mtu wa namna gani. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa miaka hamsini na mbili asubuhi asubuhi!

Baada ya chakula nimefumba macho kidogo hapa kwenye cherehani. Nikajiona bwawani. Maji yametulia kama hariri iliyotoka kupigwa pasi. Chini kabisa anapita samaki wa kijani, mkubwa, anafungua kinywa na kukifunga, kama mtu anayetafuta neno. Jua linaingia majini vipande vipande. Baba mkwe ananigeukia polepole. Anasema, "Mwanangu..."

Nikashtuka. Nilikuwa nimeushona mkono wa joho la mwalimu wa kwaya, nikaufunga kabisa pale pa kutokea kiganja. Mikono yote miwili!

Mke wangu alipita akanikuta nazitazama tena. Akasema yeye hata siku ya harusi hakutazamwa hivyo. Nikamwambia siku ile alikuwa mmoja tu, sikuwa na la kuchagua. Nilikusudia kumsifu. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Majaribio, uani. Badala ya ndoana nimefunga kifungo cha koti, cha shaba, kizito. Shabaha: beseni la bluu, hatua ishirini.

Nyeusi: kifungo kimeruka ukuta, kimetua kwa jirani, kuku wamelia. Nguvu ipo! Ya asali: kifungo kimezunguka kamba ya nguo mara tatu na kukumbatia shuka. Wepesi upo! Nikaandika alama kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nyeusi tisa. Ya asali tisa.

Wakati napanda kiti kuitoa ile shuka, nani anaingia? Mwanyumba. Yeye ni wakala wa bima, shati halikunjamani hata akikaa. Akasema, ee mwanyumba, unaanika au unaanua? Akatazama fimbo mbili. Akasema yeye ameshanunua moja, amesoma kitabu chake chote cha maelezo, ana jaketi la kuelea, kofia yenye wavu wa mbu, na kidude cha kupima joto la maji. Nikamuuliza samaki naye atapimwa presha? Hakucheka. Akasema kwa upole, upole ule wa kuudhi, kwamba mimi tatizo langu siamui. Hata siku ya msiba wa shangazi nilivaa soksi mbili tofauti.

Nilizivaa makusudi. Kila moja ilikuwa na uzuri wake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa nakata suruali kwa vipande viwili vya kitambaa, kiuno cha huku na miguu ya kule, jambo ninalolifanya kila wiki. Mkasi ukasimama hewani. Kila fimbo ina vipande viwili! Mpini na ncha, vinachomekana katikati. Kwa nini nichague? Nachukua mpini wa nyeusi, wenye nguvu, naupa ncha ya asali, yenye masikio. Fimbo moja, bora kuliko zote, haijawahi kuuzwa dukani. Nimetembea chumba kizima nikijipongeza.

Mpini mweusi ulikataa kuingia. Mnene kidogo. Hilo si tatizo kwa fundi. Mteja akinenepa tunaachia, akikonda tunapunguza. Nikachukua msasa nikapunguza. Bado. Nikapunguza. Nilikuwa nasikia maji, nilikuwa naona mawingu yakipita chini ya boti, mkono ukienda na kurudi, vumbi jeusi likidondoka kama unga wa usingizi. Nilipoamka umepungua mno. Ncha inacheza kama jino la mtoto. Nikauzungushia uzi wa cherehani, namba arobaini, tabaka sita, na gundi juu. Umekaa barabara.

Mke wangu akauliza ipi itarudi dukani kesho. Nikamwambia ile nyingine. Akauliza ipi ni ile nyingine. Nikamwambia asinichanganye, nina kazi.

Kwa kweli sikuwa nimefikiria hilo.

Ijumaa, 8 Machi

Mpini wa asali haushiki kwenye ncha nyeusi. Unapwaya. Vinatazamana tu kama wakwe wapya.

Nimeshona mfuko mrefu wa kitambaa cha kijani kibichi, wenye bitana na pindo la kahawia. Ndani nikalaza vile vipande viwili yatima. Mdomo wa mfuko nikaufunga kwa mishono kumi na miwili. Mfuko wa heshima. Mtu mstaarabu hafumui mfuko wa namna hiyo.

Mwenye duka aliupokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Nikasikia moyo ukipiga kama cherehani ya kukanyaga. Akapapasa kitambaa, akaugeuza, akatazama mishono. Akasema hajawahi kuona fimbo ikirudi imevaa vizuri hivi. Akauliza huu mfuko nimeushona mwenyewe? Nikasema ni zawadi. Akautundika ukutani.

Nimepita! Nikatoka nyuma nyuma kama ninayetoka ikulu.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeingia majini jua likichomoza. Ukungu mweupe juu ya bwawa, kama mtu kasahau kuondoa shuka kitandani. Nilipiga makasia. Moja ni refu kuliko lingine, boti inavutwa kushoto, lakini nilinyamaza. Mzee mbele. Mimi nyuma, fimbo yangu ya ndoto magotini. Sauti pekee ni matone kutoka kwenye makasia, tone, tone. Nilitamani tusifike popote.

Mzee anavua kwa fimbo ya zamani, imefungwa waya mahali pawili. Kila baada ya muda uzi wake unanasa kwenye majani na kukatika, anaguna, ananipa ndoana na ncha ya uzi bila kugeuka, akisema nyuzi za siku hizi hazionekani. Naipokea, natunga, nafunga, namrudishia. Kama mara kumi na moja hivi. Sikujali, macho yangu yalikuwa kwenye maji. Vidole vinajua kazi yao.

Halafu ncha ya asali ikatetemeka. Kidogo. Mara ya pili. Ananionja! Nikavuta, na mpini mweusi ukajibu kwa nguvu zake zote, na chini ya maji nikamwona, yule wa kijani, mkubwa kama begi la shule, kinywa wazi kama anayeshangaa umaridadi wangu. Nikapiga kelele, "Baba!" Sijawahi kumwita hivyo kwa sauti.

Fimbo ikaachana katikati.

Ncha ikateleza kwenye uzi, mbio, kama treni inayoshuka mlima, ikaingia majini moja kwa moja hadi puani kwa samaki. Samaki akatazama. Akatema ndoana. Akaondoka, bila haraka.

Nikabaki na mpini. Nikavuta uzi. Ikaja ncha, na jani moja.

Mzee akaiokota ile ncha. Akatazama kiungio, msasa, gundi, uzi namba arobaini. Seremala wa miaka arobaini. Nilisubiri hukumu. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuunga vitu. Nikasema suruali. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka boti ikayumba, kasia likaanguka majini, ikabidi tulifukuze kwa mikono. Akasema, fundi, suruali ukiikosea unaiachia, kiungio ukishakila hakitapiki.

"Fundi" tena. Basi. Kiti kimekwenda.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala mpaka saa tatu, nimejifunika uso. Mke wangu akaja kuniambia kuna mgeni mlangoni. Mwenye duka! Ameshika mfuko wa kijani, mishono kumi na miwili imefumuliwa kwa unadhifu. Akasema Ijumaa ile ile alijua, alipapasa akasikia vipande havioani, ila alitaka kwanza aone nitaishije na siri. Nikasema vibaya sana. Akasema vizuri. Fimbo zote mbili sasa ni zangu, na malipo yake ni mifuko kama huu kwa kila fimbo iliyopo dukani. Ziko arobaini na tatu. Mifuko yenye bitana.

Kabla hajatoka akaingia baba mkwe, viatu vina tope. Saa nne kasoro, na walipaswa kurudi mchana! Akakaa. Akaomba maji. Akasema mwanyumba alipima joto la maji mara tatu. Kisha, mzee alipomnyooshea ndoana na uzi, mwanyumba akamweleza kwa upole kwamba macho yake yamekwisha, anamjua daktari mzuri, na kuna bima ya watu wa umri wake. Akaanza kumsomea vipengele. Samaki wote wakahama.

Mzee akanywa maji mpaka chini. Hakunitazama. Akamgeukia binti yake, akasema, mwambie mwanangu, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Nilidhani anamwambia amwite mwanyumba. Mke wangu akanipiga kiwiko.

Mwanangu! Nimekwenda jikoni nikasimama peke yangu nikitazama sufuria.

Mke wangu anadai ni kwa sababu ya vidole vyangu. Anasema baba haoni tena tundu la ndoana, na miaka miwili sasa rafiki yake ndiye aliyekuwa akimtungia, bila kumsema. Anasema mimi nilitunga mara kumi na moja na sikufungua kinywa, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta mzee. Nimemsikiliza kwa heshima. Wanawake wana huruma nyingi. Ukweli ni kwamba mzee aliishika ile ncha, akaona ubunifu. Seremala humtambua fundi mwenzake.

Sasa limebaki jambo dogo. Yale makasia. Nimepita kwa mzee mchana huu, yeye amelala, nikayapima kwa futikamba. Sikukosea, la kulia limezidi kwa nusu inchi. Nimeyachukua yote mawili, yako hapa ukutani, kati ya cherehani na kioo. Kitu kidogo tu. Nusu inchi.

Msasa umebaki wa kutosha.