Tawi la Sabini na Tatu

Jumatatu, 5 Februari 1979

Paa limevuja tena. Juu ya kitanda, si kwingine! Deodata kaamka nywele zimelowa, kamfunga Speciosa mgongoni, kaenda kwao Nyabusozi. Kasema atarudi siku nyumba hii itakapokuwa na paa. Hakupiga kelele hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Mke akigomba unajua bado yupo.

Kaka yangu Theonest, wa kiwanda cha nguo Mwanza, ameahidi hela ya mabati. Lakini nani atazileta? Malori yamekwenda mpakani kwenye vita. Mabasi nayo yamechukuliwa. Kijiji kizima cha Runazi tunatembea kwa miguu.

Jumatano, 7 Februari

Biharamulo mjini. Benki.

Bi Semeni wa dirishani kaniambia hela hazihitaji gari. Theonest azilipe benki kule Mwanza, ataje jina langu na namba ya tawi letu, basi. Mwanza wataita kwa simu ya upepo, Biharamulo wataitika, mimi nitalipwa. Nikamwuliza hela zenyewe zinapita wapi. Kasema hazipiti popote. Hazipiti popote! Nilivua kofia.

Simu ikaita nikiwa palepale. Sauti ya mtu wa Mwanza ikajaa chumba, inakoroma kama mzee mwenye kifua, inasoma tarakimu. Bi Semeni akazirudia mojamoja. Askari wa mlangoni akasogea ndani kusikiliza. Kisha akaitwa mzee Ndikuriyo, balozi wetu wa nyumba kumi, akalipwa hela alizotumiwa na mwanawe. Hela zilizokuwa ng'ambo ya ziwa asubuhi hiyohiyo! Nimeona ndege za jeshi zikipita juu ya shamba langu la mihogo. Hazikunigusa hivi. Machozi yalinilengalenga na sioni aibu kuandika.

Tawi letu ni namba sabini na tatu. Kabla sijatoka nikauliza namba moja ni wapi. Dar es Salaam.

Alhamisi, 8 Februari

Sikupata usingizi. Sabini na tatu! Runazi hakuna asiyejua maana ya namba. Duka la kijiji likipata sukari tunapanga foleni. Wa kwanza anaondoka na sukari. Wa sabini na tatu anaondoka na kikapu chake. Yaani matawi sabini na mawili yachote kwanza, halafu ndiyo Bonaventura wa Runazi? Na vita hii? Ndikuriyo alilipwa, sawa, lakini huyo ni balozi. Anapitishwa mlango wa nyuma kila mahali.

Dereva wa Land Rova ya misheni anakwenda Mwanza. Nimempa maneno ya kumfikishia Theonest: asitaje sabini na tatu, ataje namba moja. Nimefanya hivyo bila kushauriwa na mtu yeyote. Kichwa changu kinanishangaza wakati mwingine.

Jumatatu, 19 Februari

Dereva karudi. Theonest kalipa, kataja namba moja kama nilivyoagiza. Nikakimbilia mjini.

Bi Semeni hana kitu. Akaita Mwanza, Mwanza wakaita Dar, tukangoja hadi miguu ikafa ganzi. Jibu: hela ziko Dar es Salaam, zinamsubiri mtu anayeitwa Bonaventura afike dirishani.

Jina langu limetajwa Dar es Salaam! Mimi sijavuka hata Mwanza. Nikaketi sakafuni palepale. Bi Semeni akadhani nina huzuni, akanieleza polepole kwamba namba ni ya kutambulisha tawi tu, haina mkubwa wala mdogo. Nikamjibu kwa adabu kwamba nimeelewa. Ataomba hela zirudi Mwanza, Theonest azitume upya. Kwa sabini na tatu, kasema, na kidole akakinyanyua.

Ndikuriyo kaezeka mabati yake. Mvua ikipiga kwake nasikia hadi kwangu. Kwangu haipigi, inaingia tu.

Jumamosi, 24 Februari

Nimekwenda Nyabusozi. Nikamwamkia baba mkwe shikamoo. Marahaba yake ilikuwa fupi sana. Deodata akaniletea muhogo na maharage, akauliza habari za paa. Nikamsimulia yote, simu ya upepo, jina langu Dar es Salaam. Akauliza kama na mabati yatapigwa misumari hukohuko Dar. Speciosa ana kikohozi, lakini alicheka aliponiona. Nimerudi peke yangu. Nyumba bila watu hawa ni kubwa mno, na nimewakumbuka hadi kifua kinauma.

Ijumaa, 2 Machi

Zimefika! Theonest alilipa asubuhi, mchana nimelipwa. Bi Semeni akasema unaona sasa, sabini na tatu. Naona, dada yangu. Foleni imesogea! Matawi yote sabini na mawili yamekwisha kuchota, zamu yetu imefika. Na hakuna aliyesukumana. Nilisimama nje ya benki nikiutazama waya wa simu ya upepo ulio juu ya paa kama mtu aliye kanisani.

Nimetuma habari Nyabusozi: hela ninazo, njoo.

Jumamosi, 3 Machi

Dukani kwa Sabiti, kule mjini. Foleni ya mabati. Nimekuta watu sita, mimi wa saba. Sabiti akatangaza kwamba yaliyopo yanatutosha sote. Wa saba! Nikamwita pembeni, nikamwuliza mzigo unaofuata nani wa kwanza. Kasema hakuna, na mzigo huo hadi malori yarudi kutoka vitani. Nikamwambia aniandike mimi namba moja, nikatoka kwenye foleni. Akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatatu, 5 Machi

Deodata kafika na Speciosa mgongoni, mzigo kichwani. Kasimama mlangoni, mvua ikinyesha nje na ndani. Akauliza mabati yako wapi. Nikamweleza kwa furaha yote niliyonayo: kwa Sabiti sisi ndio namba moja.

Akasikiliza hadi mwisho. Tone likamdondokea kwenye paji la uso, hakulifuta.

"Baba Speciosa," akasema, "wa pili ni nani?"

Nikamwambia hakuna. Tuko peke yetu!

Hata mzigo hakuutua. Akageuka, akashika njia ya Nyabusozi. Nimemwonea huruma. Hajawahi kuwa wa kwanza popote, hajui raha yake.