Uzinduzi wa Ekari za Siakago

Jumamosi, 23 Novemba 2024. Asubuhi ya ukungu na manyunyu hapa Kianjokoma. Siakago, kule Mbeere, tumekuta jua.

Mume wangu Mutugi alibeba hati ya shamba letu la majani chai ndani ya koti. Anataka tulitoe, tupewe ekari tano za Mbeere. Nilienda naye kwa sababu bila sahihi yangu hawezi kuuza. Hotuba ya Bwana Kiambi, mwenyekiti wa kamati ya mauzo, naiandika kama nilivyoisikia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mlezi wa Kamati, aliyetuma udhuru, wawakilishi wa wawakilishi, viongozi wa dini mliofika na mlio njiani, wadau, washikadau na wadau wenza, itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, nchi hii inazaa watu lakini haizai ardhi. Kule Kanja na Kianjokoma mmegawana shamba la babu mpaka ng'ombe akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. (Kicheko.) Ndiyo maana ofisi yangu, kwa kuzingatia mikakati shirikishi, masterplani ya kidijitali na utafiti wa kina nilioufanya mwenyewe bila kushuka kwenye gari, imebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wakazi wanahitaji ekari, na kwamba bei, ambayo jana ilikuwa ya jana, kesho itakuwa ya kesho. ('Kweli kabisa!' Huyo ni Mutugi.)

Tazameni kijani hiki! Nani aliwadanganya kuwa Mbeere ni kame? (Mama mmoja aliyebeba kuni: 'Mvua ni ya juzi, mwanangu! Rudi Agosti uone kama hata nzi atakukaribisha!' Watu wanacheka, meza kuu haicheki.) Asante mama, mchango wako umepokelewa. Suala la Agosti limewekwa katika Awamu ya Pili. Awamu ya Kwanza ina lami, umeme, kituo cha kupoza maziwa, na mzunguko wa magari wenye sanamu, na sanamu hiyo ni ya nani, unyenyekevu unanizuia kusema. (Dereva wake anapiga makofi peke yake.)

(Nikasimama: 'Bwana Mwenyekiti, ukoo wenye shamba hili umekubali? Huku mtu mmoja hauzi, ukoo huketi kwanza.' Mutugi akanivuta sketi: 'Keti, Mama Njoki, unatuaibisha.') Swali zuri sana, mama, na ndilo huulizwa na wapinga maendeleo. Mashauriano na ukoo yamefika hatua ya juu: tumewaona kwa mbali, wakatupungia mkono. (Minong'ono.) Sasa, wenye hati wapange foleni kushoto, tuwahifadhie. Soda ziko kulia. (Mutugi anaenda kushoto. Namfuata, nimemshika koti.)

Kwa hayo machache, semeni nami: Ekari kwanza! (Kwanza!) Maswali baadaye! (Baadaye!) Namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta, mpima ardhi, ambaye bado anasoma, na zaidi ukoo wa Mzee Kithaka, waliotuazima malisho haya baada ya kuwaeleza kuwa tuna harusi, na ambao wameomba tuondoke kabla mbuzi hawajarudi. Mungu awabariki!"

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Kiambi mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichosema.

Wakati huohuo Mzee Kithaka akatokea vichakani, amevaa suti, na kibuyu cha asali mkononi.

"Nimechelewa," akasema. "Bibi arusi yuko wapi?"

Yule mama wa kuni akamwonyesha foleni ya kushoto. "Ni hao wote, mzee. Bado kidogo tu waolewe."

Mutugi alitoka kwenye foleni, tukarudi nyumbani. Baada ya chakula alinipa hati, akasema, "Iweke wewe." Nimeiweka chini ya godoro, upande wangu. Sasa ni saa tatu na nusu, nalala.