Lori la Marehemu na Bangili za Deodata

Jumanne, 4 Julai 1995

Leo nimefanya jambo la akili. Mjukuu wangu Deodata anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo kule Runazi, na mimi bibi yake sikuwa na zawadi ya kumvisha. Mbuzi nimeshatoa. Lakini mbuzi havaliwi.

Nikaingia chini ya lori la marehemu mume wangu Bonaventura kumtafuta kuku anayeficha mayai. Kuku hakuwepo. Nikaona mkanda wa shaba! Upana wa vidole viwili, umesukwa kama nywele za msichana. Bolti moja imeushika kwenye injini, bolti nyingine kwenye chesisi. Chuma na chuma tu. Hauvuti kitu, hauzungushi kitu. Umelala pale kama shemeji aliyekuja kusalimia akakaa mwezi. Nikachukua spana.

Mchana kutwa nimefumua na kusokota. Mama yangu alisokota bangili za waya kwa kila binti aliyeolewa ukoo wetu. Mikono bado inakumbuka. Bangili kumi! Nane za Deodata. Mbili nimempa jirani yangu Koleta, si kwa mapenzi, ila kila akinyoosha mkono akumbuke nani mwenye vitu hapa Kanazi.

Frednand mwanangu, ambaye ndiye dereva, hakuniuliza. Sikumwambia.

Alhamisi, 6 Julai

Lori limegoma! Ukizungusha ufunguo linakoroma mara moja, kisha kimya. Geji nazo zimepata wazimu. Ya joto imelala chini hata rejeta ikitoa mvuke. Ya oili inacheza ngoma peke yake. Frednand kasema ni uzee. Nikamjibu uzee ni wangu, lori ni dogo kwangu kwa miaka thelathini.

Tukalisukuma mteremkoni likawaka. Huku kwetu milimani hakuna anayeegesha gari bila kulielekeza bondeni, kwa hiyo mimi sikuona shida.

Shida kaiona Frednand. Barabara ya Biharamulo ina majambazi siku hizi, magari yanavuka msitu kwa msafara wa askari. Saa kumi na mbili asubuhi mnapanga foleni kizuizini, mnazima injini, mnakaguliwa. Filimbi ikilia mnaondoka. Asiyewaka anabaki mpaka kesho yake. Na pale kizuizini ni tambarare kama meza, na asubuhi za Julai baridi inauma mpaka meno. Padre naye kasema atafungisha ndoa saa sita, kisha anakwenda vigango vya mbali. Harudi Runazi mpaka Septemba.

Koleta alikuwa nyuma ya migomba, anasikiliza. Akatangaza kwa sauti ya kuongoza rozari kwamba bibi harusi atasukuma lori na gauni lake jeupe. Afadhali apande pikapu ya mwanawe Gidioni. Nikamwambia pikapu ile inabeba samaki, na mjukuu wangu si sato. Nikaapa mbele ya wanawake wote waliokuwa wanatoka kisimani: Deodata atakwenda kwa lori la babu yake, na litawaka kwa ufunguo, bila kusukumwa na mtu!

Nimeapa. Basi.

Ijumaa, 7 Julai

Frednand kaleta fundi. Jina lake Ndayisaba, mkimbizi kutoka Burundi. Kwao alikuwa fundi umeme wa malori. Sasa anaishi kambini chini ya turubai la bluu na mke na watoto watatu. Kirundi chake na Kihangaza changu ni watu wa nyumba moja, tukaelewana mara moja. Mwembamba mno! Nikamwambia hagusi lori langu kabla hajamaliza sahani. Akamaliza. Nikamwongezea.

Kisha kanifundisha. Kumbe ndani ya injini kuna vijiti vinne vinaitwa hita. Betri inavipasha moto kwanza, ndipo dizeli inakubali kuwaka wakati wa baridi. Akachomoa kimoja, akakigusisha waya mbili za betri. Kikawa chekundu kama kaa! Kizima kabisa. Akakirudisha kwenye injini, Frednand akazungusha ufunguo. Baridi kama pua ya mbwa.

Akakuna kichwa. Akasema umeme ukitoka betrini lazima uwe na njia ya kurudi, la sivyo hauendi popote. Hita na geji zote zinalia ugonjwa mmoja: njia ya kurudi imekatika. Lori kama hili huwa na mkanda wa shaba kati ya injini na chesisi, na hapa hauonekani. Akaniuliza kama nimewahi kuuona.

Nikamwuliza kama ameshiba.

Jumapili, 9 Julai

Sikulala vizuri. Lakini nimepata njia, na haina haja ya kumwaibisha mtu yeyote, hasa mimi.

Baada ya misa nilikata waya wa kuanikia nguo. Nikaufunga bolti kwa bolti, pale pale. Nikamwambia Frednand ajaribu. Akazungusha ufunguo. Waya ukawa mwekundu, ukatoa moshi, ukakatika kwa kishindo, ukaruka na kutua kwenye kikapu cha mama mpishi wa paroko aliyekuwa anapita. Kikapu kikaungua mpini. Yeye mzima, ila kaita watakatifu wengi.

Kati ya nguo nilizoziacha chini, mbuzi kala kola ya shati la Frednand la kuvaa harusini. Mwanangu anataka kujua waya umefikaje kwenye injini. Nikamwambia upepo.

Ndayisaba kasema waya ule ni mwembamba mno, ni sawa na kupitisha ng'ombe kwenye tundu la panya. Halafu kaniangalia muda mrefu. Nikampa mkungu wa ndizi apelekee watoto.

Jumanne, 11 Julai

Nani kasema joto lazima litoke betrini? Ndizi za rubisi, pombe yetu, tunaziivisha vipi? Shimo, makaa, majani ya mgomba juu, zinalala na joto lao siku tatu. Injini ina tofauti gani na ndizi? Zote ngumu asubuhi.

Alfajiri nikachimba shimo chini ya lori. Nikamwaga makaa, nikafunika injini kwa majani ya mgomba pande zote. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kupoteza moto, nikaweka na mikungu miwili humo humo.

Ilipata joto kweli! Ilipata joto mpaka mpira wa waya za geji ukayeyuka na kudondoka kama asali. Frednand akaja mbio na ndoo, akaniloanisha mimi kwanza. Koleta akasimama njiani akaniuliza, mama Frednand, siku hizi unapika pombe ya lori? Na sisi tutaionja lini?

Ndizi zimeiva upesi. Zinanuka dizeli. Hata mbuzi kazikataa, yule aliyekula kola.

Ndayisaba alishinda chini ya lori akibadilisha waya moja moja. Alipotoka, hakukasirika. Akasema taratibu kwamba bolti za mkanda zina alama mpya za spana. Mwizi angechukua betri. Huyu alichukua mkanda peke yake. Hajawahi kuona mwizi wa namna hii.

Wakati huo huo Deodata akamletea maji ya kunawa. Bangili nane zinalia mkononi. Ndayisaba akaangalia mkono. Akaniangalia mimi. Deodata, mtoto asiye na siri, akamwonyesha kwa furaha na kumwambia zimesokotwa na bibi yake, shaba tupu.

Ndayisaba akakaa chini. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka akashika mbavu, Frednand akaacha kununa, hata Deodata akacheka ingawa alikuwa ameficha mikono nyuma. Frednand akanieleza kwamba toka amjue Ndayisaba hajamwona akionyesha meno. Basi angalau moto wangu umeyeyusha kitu.

Jumatano, 12 Julai

Deodata kavua bangili mwenyewe, moja moja. Akasema afadhali kufika mikono mitupu kuliko kutofika. Nilitoka nje kuangalia kuku.

Ndayisaba kapima. Nane hazitoshi, mkanda utakuwa mwembamba, utaungua kama waya wa nguo. Zinatakiwa zote kumi.

Yewe! Koleta!

Nilikwenda na kibuyu cha rubisi (ya ndizi safi). Nikasifu nyumba yake, nikasifu maharage yake, nikasifu hata Gidioni. Akaniambia niseme ninachotaka kabla sijaanza kumsifu paka. Nikasema. Akanyoosha mkono, akazitazama bangili zake kama bibi harusi. Akauliza, zawadi siku hizi zinarudi nyumbani kulala?

Masharti yake mawili. La kwanza, niseme kisimani, mbele ya wanawake wale wale, kwamba lori liliugua kwa mkono wangu. Nikasema haraka, kwa sauti ya chini. Akanitaka nirudie kwa wale waliosimama mbali.

La pili ni baya zaidi. Jumamosi Koleta atakaa mbele, kati ya dereva na bibi harusi. Kiti changu! Mimi nitapanda nyuma na kwaya.

Nimekubali. Nimeandika hivi ili Mungu naye asome.

Ijumaa, 14 Julai

Jana Ndayisaba alizinyoosha zote kumi, akazisokota pamoja kuwa kamba nene, akagonga ncha kwa nyundo mpaka zikapata tundu la bolti. Akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Zilibaki nyuzi chache. Akazikunja kuwa bangili moja nyembamba kama unywele, akampa Deodata. Nikamwambia huyo fundi kwamba kuanzia siku hiyo watoto wake ni wajukuu zangu na asinibishie.

Leo saa moja asubuhi, baridi ya kukata masikio. Frednand akazungusha ufunguo nusu, akasubiri. Geji ya oili ikasimama kwa heshima. Akamalizia. Lori likawaka kwa mkupuo mmoja! Bila mteremko, bila makaa, bila Koleta.

Nilitoa machozi. Ule moshi ulikuwa mwingi.

Jumamosi, 15 Julai

Kizuizini saa kumi na mbili kasoro. Malori ya chakula cha wakimbizi mbele, sisi katikati. Mimi nyuma na kwaya, mitungi ya rubisi, na mwanamke mmoja wa sauti ya tatu aliyenikalia mguu. Askari akasema zimeni. Frednand akazima. Moyo wangu nao.

Wakakagua. Wakachelewa. Injini ikapoa, nikaisikia ikipoa. Filimbi! Malori ya mbele yakanguruma. Letu kimya. Koleta akapiga kelele huko mbele, washa, baba, washa tunaachwa! Frednand hakumsikiliza, alikuwa anahesabu hita zipate moto, kama alivyoambiwa na fundi. Kumi. Kumi na moja. Lori la nyuma likapiga honi. Nilishuka mguu mmoja, tayari kusukuma peke yangu kwenye tambarare, na umri huu. Kumi na tano.

Likawaka! Nikavutwa juu na kwaya nzima, kiatu kimoja kikabaki kizuizini. Kipo huko.

Njia nzima Koleta alisoma geji kwa sauti kama redio. Joto nusu! Oili nzuri! Tulimsikia mpaka nyuma. Saa tano na robo tukaingia Runazi. Saa sita padre akafungisha. Deodata mzuri mno, na ile bangili yake moja. Nilicheza na kiatu kimoja.

Jumapili, 16 Julai

Tumelala kwa wakwe. Watu wema, ugali mgumu. Wananiita mama wa lori. Nimewaeleza kwamba gari ni kitu rahisi, shida ni watu kuogopa kugusa.

Deodata kanionyesha banda lake la kuku. Mlango haujifungi, kicheche ataingia. Mtoto anaanzaje maisha hivyo?

Baba mkwe ana mashine ya kusaga mahindi, kijiji kizima kinaitegemea. Nimeizunguka asubuhi wakiwa kanisani. Ubavuni kuna springi moja, ngumu, nzuri, imekaa tu. Haisagi. Haigusi hata unga.

Mlango wa kuku sasa unajifunga wenyewe. Kesho asubuhi wanasaga, nitawaonyesha.