Sweta Yangu Imepata Nne

Wenzangu, leo nimejivua nguo mbele ya wazazi wote wa darasa la tatu. (Nguo nilikuwa nazo. Tulieni.) Nawaandikia nikiwa bado na hasira, na sijui hasira yenyewe ni ya nani, kwa hiyo someni kwanza, maneno baadaye.

Mnajua mimi nafuma. Tangu nitoke Bungoma nikaolewa huku Bwaise, Kampala, watoto wa mtaa huu wanavaa kazi ya mikono yangu. Asubuhi ya baridi ukisimama mlangoni kwangu unaona kofia zangu zinapita kwenda shule. Sweta zangu hazilegei shingoni, hazitoboki viwiko. Nasema bila aibu, kwa sababu aibu yote nimeimaliza leo.

Sasa. Mwanzoni mwa muhula mwalimu wa binti yangu Nekesa aliwaambia watoto kila mmoja afume kitu kwa mkono. Kitawekwa mezani siku ya wazazi, kipewe alama. Mwalimu anaitwa Zainabu, Mnubi wa Bombo, mwanamke mpole mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nekesa alirudi nyumbani anaruka.

"Mama, tumeambiwa tufume!"

Mimi nilisikia kufuma tu. Mengine hayakuingia.

Baba Nekesa akasema, "Si umpe uzi na sindano, umwache?" Nikamuuliza, je, mimi huwa naenda gereji kumfundisha kutengeneza pikipiki? (Alikuwa sahihi. Hatajua kamwe, hayumo kwenye kundi hili.)

Nilianza na wazo la kitambaa kidogo cha mraba. Naapa. Lakini kitambaa cha mraba kutoka nyumba yangu kinafanya nini mezani, mbele ya wazazi ambao ni wateja wangu? Nikakirefusha kikawa mgongo. Ukishakuwa na mgongo unataka kifua. Kifuani nikaweka misuko miwili, ile inayopanda kama nywele zilizosukwa, halafu mfuko, halafu vitundu vya vifungo. Rangi nyeupe kama maziwa. Mkono wa kushoto niliufumua mara tatu mpaka ukalingana na wa kulia.

Na Nekesa? Nekesa alishika uzi. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, uzi umezungushwa kwenye viganja vyake, ananiachilia kidogo kidogo. Akiomba sindano namwambia, "Ngoja nimalize mstari huu." Mstari ukiisha kuna mwingine. Siku nyingine namwambia asiguse kabisa, mikono imetoka kula kabalagala, vile vitumbua vya ndizi vya hapa, na sweta ni nyeupe. (Mafuta ya kabalagala hayatoki. Hilo sijalibadilisha mpaka sasa.)

Leo ikafika siku ya wazazi. Usiku mvua ilinyesha na Bwaise ni Bwaise, uchochoro wetu ulikuwa na maji ya magotini. Nikavaa gambuti za mume wangu, viatu vyangu vizuri nikavitia kwenye mfuko nikabadilishe shuleni. Njiani nikakutana na Mama Kato, jirani yangu anayeuza makaa. Kato wake anasoma na Nekesa.

"Mama Nekesa, leo utatushinda sote bambi," akasema, kwa ile bambi yao ya kubembeleza.

"Tuone tu," nikajibu, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Darasani meza imepangwa. Skafu, kofia, kitu kimoja sikujua kama ni soksi au mfuko wa simu. Katikati imelala sweta yangu kama bibi harusi. Wazazi wawili walikuwa wanaipapasa, wanaulizana mtoto gani huyo. Nikawaacha waulizane. Nikasogea nisome alama kwenye kikaratasi kilichobanwa na pini.

Nne.

Nne juu ya kumi. Nikageuza kikaratasi, labda upande wa pili kuna nyingine. Hakuna. Nikatazama ya jirani yake, skafu ya Kato. Ina tundu ambamo mbuzi anapita, ukingo umejikunja kama sikio. Tisa.

Damu ikapanda. Kubadilisha viatu nikasahau. Nilitembea na zile gambuti zilizojaa maji, chwap, chwap, chwap, mpaka mbele ya darasa.

"Mwalimu, samahani, hii nne ni ya nini?"

"Karibu Mama Nekesa. Njoo tukae pale nje tuongee."

"Nimesimama vizuri tu. Nimeuliza hii nne."

"Wazazi wengine wapite kwanza," akasema chini chini, macho yananiomba. (Mwanamke huyu alijaribu kuniokoa. Nalisema hilo mbele ya Mungu.)

Sikuokoka. Nikainyakua sweta mezani, nikaigeuza ndani nje, nikaiinua juu wote waone.

"Tazameni. Kuna mahali mnaona fundo? Hakuna. Shingo hii, nani hapa anajua kufunga shingo namna hii? Na mkono huu nimeufumua mara tatu. Mara tatu, Mwalimu, mpaka vidole vikaniuma, halafu wewe unanipa nne?"

Mwalimu Zainabu akauliza polepole, "Nani aliufumua?"

Nilisikia maji yakicheza ndani ya gambuti.

"Sisi," nikasema. "Nyumbani. Pamoja."

"Mama alinikataza kugusa," ikatoka sauti ya Nekesa nyuma yangu. Sauti safi, ile anayoimbia kanisani. "Kwa sababu ya kabalagala. Mimi nilishika uzi."

Mama Kato ndiye aliyeanza kucheka. Alijifunika na leso, haikusaidia. Wakafuata wote. Kuna baba mmoja ilibidi ashike dirisha.

"Hiyo nne," mwalimu akasema walipotulia, "ni ya kushika uzi. Kushika uzi ni kazi, na nimemwamini. Lakini nilimwita hapa nikamuuliza hivi vitundu vya vifungo vinafumwaje. Akaniambia nikuulize wewe. Sasa, Mama Nekesa, wewe ningekupa kumi. Ila husomi hapa."

Sweta zangu zote nilizowahi kufuma zingekuwa hapo ningezivaa kichwani. Nikaikunja ile moja niondoke nayo. Ndipo Nekesa akanivuta gauni.

"Mama, usikasirike."

Akafungua mkoba wake wa shule, akatoa kitu. Nasema kitu. Kimeanza pana kama taulo, kikaenda kinapungua, kikaishia kama ulimi wa ng'ombe. Uzi ni mabaki ya sweta yangu, ule mweupe, sasa una rangi ya barabara yetu. Na sindano bado zimo ndani: spoku mbili za baiskeli, zimesuguliwa kwenye saruji mpaka zikachongoka.

"Umefuma saa ngapi hii?"

"Wakati wa mapumziko."

"Na kwa nini hukunionyesha?"

"Ungefumua."

Hapo hata Mama Kato hakucheka.

Nikakichukua kile kitu nikakisogeza kwenye mwanga. Wenzangu, ule mstari wa kwanza. Ameanza kwa kidole gumba, uzi umezungushwa mara mbili, vile mama yangu alivyonianzishia mimi kule nyumbani. Huku Kampala sijaona mwingine anayeanza hivyo. Mwalimu hakumfundisha. Mimi, Mungu anisamehe, sikumfundisha. Na kila mwanzo wa mstari ameruka kitanzi cha kwanza bila kukifuma, ili ukingo ukae vizuri. Mimi hilo nimelijua nikiwa mtu mzima!

"Nani amekuambia uruke hiki cha kwanza?"

"Si wewe unaruka."

Kumbe wakati wote ule nikiona ameshika uzi, alikuwa ameshika na mengine.

Mwalimu akamkalisha mbele, akamwambia afume mstari mmoja watu wakiona. Nekesa akakaa, ulimi nje, spoku zikagongana. Alikuwa anakwenda vizuri. Polepole, lakini vizuri. Katikati kitanzi kikachomoka. Yeye hakukiona. Mimi nilikiona. Mkono wangu ukaenda wenyewe, sikuutuma.

"Mama Nekesa!" Darasa zima, pamoja na yule baba wa dirishani.

Nikaurudisha mkono. Nikavuta kiti nikaukalia, na wa pili pia, ili usishawishike.

Amepata nane. Moja imekatwa kwa kile kitanzi, nyingine kwa mafuta ya kabalagala. Nimetoka pale nimeumbuka kuanzia utosini mpaka kwenye gambuti, na bado nilitembea Bwaise yote kichwa juu kama niliyezaa bingwa. Mama Kato aliponiuliza nacheka nini nikamwambia mwanao ana tisa lakini ukingo wake umejikunja. (Siwezi kupona siku moja.)

Sasa niko nyumbani. Kile kitu nimejifunga shingoni, spoku zikiwa bado ndani, moja inanichoma sikio. Jua limewaka, jasho linanitiririka, na wateja wanaopita wanauliza kama siku hizi ndivyo ninavyofuma. Nawaambia hii haiuzwi. Sweta nyeupe nimempa Nekesa aivae, akaniambia inamkwaruza.

Kitanzi kilichochomoka amekibana na pini ya kikaratasi cha nane ili kisiendelee kufumuka. Kiko hapa chini ya kidevu changu, kinanitazama. Nikichukua sindano nitakipandisha mara moja na hakuna atakayejua. Nekesa ametoka kucheza, baba yake yuko gereji, sindano iko mezani. Tafadhali, kama kuna mmoja wenu aliye karibu na Bwaise na amemaliza kunicheka, apite hapa aje anikalie mikono.