Jagi la Ukwaju Lililotoka Jasho

Leo nimeadhirika, jamani. Tena si skuli wala barabarani. Jikoni kwetu! Nnakuandikieni kutoka intaneti kafe kwa sababu nyumbani hapakaliki.

Mnajua Ramadhani hii sijala hata siku moja. (Mnajua kwa sababu nimekutangazieni kila siku.) Wanaokula mchana nnawaita kobe hadharani. Mpaka leo alasiri jina langu lilikuwa safi kama kanzu ya sikukuu.

Asubuhi mwalimu wa jiografia katufundisha safari ya maji. Ati jua linapiga bahari, maji yanapanda bila ya kuonekana, yanatembea na hewa, yakikutana na baridi huko juu yanakuwa mawingu, halafu mvua. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo miye hapa nnavuta bahari?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Naam, unaivuta. Chumvi tu ndiyo iliyobaki baharini Forodhani."

Hilo likanikaa kichwani. Bahari imo puani mwangu! Kumbe ndiyo maana Mji Mkongwe nguo hazikauki na biskuti zinalegea kama zimefiwa.

Basi alasiri nakata vitunguu vya katlesi, shangazi Zuwena akatoa jagi la ukwaju kwenye friji, akaliweka mezani. Mara jagi likaanza kutoka jasho. Matone nje, yanateremka, meza imerowa.

"Jagi hili linavuja," shangazi akasema. "Leo nalitupa."

"Halivuji, shangazi! Maji hayo yametoka hewani."

"Hewani? Wee, hewa ina mfereji?"

Akaenda kutafuta kitambaa. Nikabaki miye na jagi. Nikainama mpaka macho yakawa sawa na matone. Meupe, na ukwaju mweusi. Lakini je, kama yamejichuja? Nikawaza: ikiwa linavuja, maji haya yatakuwa na sukari. Kidole kinanuka kitunguu, kitaharibu uchunguzi. (Mtaalamu makini, miye.) Nikaweka mikono nyuma, nikatoa ulimi, nikaliramba jagi kutoka chini mpaka juu. Nikameza.

Hayana utamu hata chembe!

"Ya hewani!" nikapiga kelele. "Wallahi ya hewani!"

"Lahaula!"

Nageuka: Bi Rukia, jirani yetu, yuko mlangoni na bakuli la tambi za futari alizotuletea. Nyuma yake bibi yangu. Nyuma ya bibi, shangazi na kitambaa chake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa nimefunga. Haki ya Mungu nlikuwa nimesahau kabisa!

"Kobe mkubwa!" akasema Bi Rukia. (Na jambo akilijua Bi Rukia, mtaa wote unalijua kabla ya adhana.)

Sasa, mwenye akili angesema amesahau, yakaisha. Anayekula kwa kusahau funga yake haiharibiki, hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo. Lakini miye, niitwe kobe?

"Si kobe! Nimefanya makusudi! Ni uchunguzi wa skuli! Na hayo si maji, ni hewa, na hewa haiharibu funga!"

Bibi akanitazama. "Kama ni hewa, mbona kidevu kimerowa?"

Nikakipangusa mbiombio.

"Na umefanya makusudi, umesema?"

"Makusudi kab..." Ndipo nikausikia mdomo wangu unavyonimaliza. "La, bibi! Nlisahau!"

"Sasa hivi ndiyo umekumbuka kuwa ulisahau?"

Bi Rukia alicheka mpaka ikabidi apokewe bakuli.

"Utalipa, mume wangu," bibi akasema. "Sikukuu ikishapita, wenzio wakila, wewe utafunga."

Shangazi akalikausha jagi, akasubiri, likatoka jasho tena. "Ajabu! Kumbe kweli halivuji," akasema. Kwa hiyo jagi limesamehewa. Miye nimehukumiwa.

Msinicheke, tafadhalini. Mawingu ya vuli yamejaa huko juu, na mkiniona kesho napita kwenye mvua nimefumba mdomo, nipisheni tu.