Magdalena Chini ya Tabaga

Arua, Jumatatu, 14 Oktoba 1974
Alhamisi ni Idd, Inshallah. Mzee Abiriga amesema wazi: binti yake Medina haolewi na mtu asiye na kazi ya mikono. Ataonja sinia yangu ya Idd, halafu atajibu posa yangu. Haya! Mandazi kila mtu anakaanga. Mimi nilimpikia padri Mhispania. Nina majina ya Kihispania! Magdalena, vikeki vya kikombe. Rosquilla, vya duara vyenye tundu. Buñuelo, vidonge vya kukaanga. Jirani yangu Kaltumu anayo? Thubutu! Mwanawe Kamisi naye anamkodolea macho Medina. Pua ile!

Jumatano, 16 Oktoba
Sukari imeadimika mji mzima. Nimeoka bila sukari. Magdalena ngumu. Rosquilla ilianguka, ikamegua sakafu. Buñuelo mbichi ndani. Nimelia kidogo. Kwa Kaltumu kunanukia iliki; sukari kaitoa wapi? Roho mbaya tu.

Alhamisi, 17 Oktoba, Idd
Akili ni mali! Sinia ya Idd hairudi tupu. Alfajiri nikampelekea Kaltumu yangu, yenye vile vigumu. Akairudisha imejaa vikeki laini, imefunikwa vizuri, akaniambia Idd mubarak, mwanangu. Nikachomeka vikaratasi vyenye majina yangu, mbio kwa Abiriga. Mzee kafakamia magdalena, akasema mkono huu anautaka katika ukoo wake. Mkewe, Mama Sadiya, anakitazama kifuniko.

Jumamosi, 19 Oktoba
Laana! Kaltumu alifunika kwa tabaga yake, kawa ile nyekundu na njano aliyoisuka mwenyewe. Kila mama wa Kinubi ana rangi zake, na wenzake wanazijua. Mimi mwanamume ningejuaje? Sadiya amemrudishia Kaltumu tabaga, na sinia ya nyama, na jibu: mkono wako tumeuonja, Kamisi alete wazee. Eti Medina alicheka. Alicheka! Na mimi nilimpenda kweli.

Jumatatu, 28 Oktoba
Sokoni wanauliza: magdalena ya Kaltumu iko? Majina yangu! Leo kaniita nionje za harusi. Nimekula mpaka nikashiba. Tamu, shenzi.

Nimelichunguza kosa. Si mapishi, si uongo. Ni kifuniko tu. Koboko kuna Mzee Tahiru, kaka yake Sadiya, naye ana binti. Nitapeleka sinia. Vikeki atatoa Kaltumu, hana habari. Tabaga safari hii nimenunua yangu, ya bluu na nyeupe, nzuri ajabu.

Ameisuka Mama Sadiya.