Plenipotentiary wa Sori

Wengine wakiona mtu analia kwa hasira hutafuta kitambaa. Motari alitafuta kalamu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, kwenye harambee mjini Homa Bay, na aliyekuwa akilia ni Priscah, tajiri wa samaki kutoka Sori, mama wa boti nne na kiburi cha boti kumi. Alikuwa ametoa mchango mkubwa, kisha akakalishwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, kwa sababu hakuwa na cheo cha kusomwa kwenye kipaza sauti. Mbele walijaa madaktari, waheshimiwa na wenyeviti wa hiki na kile. Miaka ile, msomaji wangu, asiye na cheo hakuhesabiwa kuwa mgeni. Alikuwa mtu wa kupiga makofi tu.

Motari mwenyewe alijiita Daktari. Daktari wa nini? Hakuna aliyethubutu kuuliza, maana alivaa tai hata akienda chooni. Mali yake yote ilikuwa pikapu kuukuu ya Peugeot, muhuri wa raba aliochongewa Migori, na kamusi ya Kiingereza aliyoiba shuleni siku aliyofukuzwa. Kazi yake ilikuwa kuuza vyeo. Alichagua maneno kwa urefu; maana yake hakuwa na haja nayo. Wiki hiyo alikuwa amemfanya Mosoti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Rodi Kopany, kuwa Luminary, na mabati mapya ya Mosoti yakahamia kwenye pikapu.

"Mama Priscah," alisema akivuta kiti, "wewe si mtu wa kukaa na masufuria."

"Sasa nitado nini, Daktari? Mimi sina title."

"Imebaki moja. Moja tu kwa wilaya mzima. Plenipotentiary."

Priscah alijaribu kulitamka, likamjaa mdomoni kama ugali wa moto. "Maana yake ni nini?"

Motari akatoka jasho. Toka aanze kazi hiyo hajawahi kuulizwa maana! Akafungua kamusi, akapekua, akatafsiri kwa sauti kubwa hadi wapishi wakageuka: "Ni mtu amepewa mamlaka yote na mwingine. Akitenda, aliyemtuma ametenda. Akisaini, imesainiwa."

"Na mimi ni nani amenituma?"

"Mimi, mama! Mimi Daktari Motari!" Akajipiga kifua.

"Andika hivyo hivyo. Ukiacha hata neno moja, sitaki."

Akaandika yote, akaweka saini, akagonga muhuri mara tatu. Priscah akalipa kwa injini ya boti, mpya kabisa, hata grisi ya kiwandani haijafutwa. Jioni hiyo Motari alicheka peke yake barabarani mpaka akakosa kona.

Mpango wake ulikuwa rahisi: Jumapili avuke mpaka wa Sirari, auze kila kitu upande wa Tanzania, asionekane tena. Alilala gesti moja pale Rodi Kopany, ambako uwanja ulikuwa mdogo na magari yalibanana, hivyo kila mgeni aliacha ufunguo kwa mlinzi, Werema. Motari alijua wezi, kwa kuwa alijijua.

"Werema, ufunguo huu usipatie mtu. Nikituma mtu aniletee gari, lazima awe na karatasi iko na saini yangu na muhuri huu. Umeuona?"

"Nimeuona, Daktari."

Laiti angeondoka kesho yake alfajiri! Lakini Jumamosi palikuwa na harambee ya zahanati hapo hapo sokoni, na Nyakundi, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa amedokeza kwamba naye anatamani cheo. Tena palikuwa na kuku. Tamaa ya wajinga ilikuwa imemlisha Motari miaka mingi. Ya kwake hakuwahi kuishuku.

Basi alikuwa ameketi mbele kabisa kando ya Nyakundi, paja la kuku mkononi, Priscah alipofika na gauni lenye mabega ya juu na kumkabidhi mshereheshaji cheti chake.

"Pleni-nini?" mshereheshaji alicheka kwenye kipaza sauti. "Mama, hii ni dawa ya minyoo?"

Hema zima likaangua kicheko. Wakamwonyesha masufuria. Motari akachunguza kuku wake kwa makini. Priscah hakulia safari hii. Alimtazama Motari, akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaiweka kifuani, akaondoka.

Ameenda kulilia nyumbani, Motari alijiambia, akamrudia Nyakundi.

Robo saa baadaye alisikia silensa iliyotoboka. Silensa ile angeijua hata usingizini. Pikapu yake iliingia uwanjani, Werema kwenye usukani na koti lake la ulinzi, Priscah pembeni, mabati nyuma. Injini ya boti haikuwapo.

Priscah akachukua kipaza sauti, akamgeukia DO, afisa wa serikali aliyekuwa mgeni rasmi. "Bwana DO, Daktari Motari ni mtu mwenye haya, hapendi kujisifu. Amenituma mimi. Anatoa hizi mabati za kuezeka zahanati. Na gari pia anatoa, libebe wagonjwa!"

Vigelegele! Mosoti alifungua mdomo kudai mabati yake, akakumbuka kwamba itabidi aeleze yalivyotoka dukani, akaufunga.

DO aliisoma ile karatasi mara mbili. "Daktari, hii saini ni yako?"

Askari wawili walisimama mlangoni pa hema. Motari akikana, basi vyeti vyote alivyouza ni bandia, na wanunuzi wamekaa pale wakimtazama. Akikubali, kwaheri pikapu.

"Ni yangu," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Hongera sana! Basi tusainie hapa kwamba umetoa."

"Hakuna haja, Bwana DO," Priscah akasema. "Nimeshasaini mimi."

Watu wote wakasimama kumpigia Daktari makofi. Ikabidi naye asimame, ainame, atabasamu. Alipogeuka kuketi, Priscah alikuwa kwenye kiti chake, ameshaivuta sahani ya kuku.

"Na injini?" Motari alinong'ona.

"Iko njiani, inarudi Sori." Akang'ata. "Nyuma kuna nafasi, Daktari. Hapo karibu na masufuria."